Mkanda Nilioutwaa Juja

Mkanda ule wa ubingwa ninao mpaka leo, umelala chini ya kitanda changu Ruiru, na hakuna anayeuulizia. Ulishonwa na fundi wa viatu wa Thika kwa kipande cha ngozi kilichotupwa kiwandani. Bamba la mbele lilikatwa kwenye kifuniko cha sufuria likapakwa rangi ya dhahabu, na ukiikwaruza kwa ukucha sufuria inaonekana. Tuliugombania huo, watu wazima wenye ndevu.

Mieleka yetu ilikuwa Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani, kwenye uwanja mmoja wa Juja. Ulingo ulikuwa mbao juu ya kreti za soda, magodoro juu ya mbao, turubai juu ya magodoro. Wanafunzi wa chuo walijaa kutucheka. Mshindi tulikuwa tukimjua tangu asubuhi, kwa sababu tulikaa tukapanga kila kitu, nani atarushwa na nani atainuka. Sioni aibu kusema hivyo. Kuigiza tuliigiza, lakini mbao zilikuwa mbao.

Bingwa wa kwanza alikuwa mbeba mizigo wa soko la Ruiru, mtu wa tumbo kubwa hata fundi akalazimika kuunga ngozi. Alipookoka, mchungaji wake akamwambia mieleka ni mambo ya dunia, akaurudisha mkanda umefungwa kwa gazeti. Wa pili alikuwa mwanafunzi mwenye sura nzuri na kifua cha kuku. Alimaliza masomo akaenda zake bila kutuaga, mkanda akamwachia mwenye nyumba. Wa tatu alikuwa mchonga mawe wa Kalimoni, na huyo ndiye aliyeufanya uwe kitu. Ni yeye aliyeleta desturi kwamba anayeshindwa ndiye amfunge mshindi mkanda kwa mikono yake mwenyewe, ili mtu asiende nyumbani amenuna.

Alikaa nao miaka. Mimi nilikuwa wa kurushwa. Nilirushwa na wote watatu, na yeye alinirusha mara nyingi kuliko wengine, kisha ananiinua na kunipangusa vumbi mgongoni mbele ya watu kama mtoto. Wema wake huo niliuchukia kuliko kuanguka.

Kisha jiwe likamwangukia goti la kushoto huko machimboni. Akaamua kustaafu mieleka, na aliponyanyua kidole kuonyesha atakayerithi mkanda, alinionyesha mimi. Asubuhi ya siku yenyewe alinivuta kando. Binti yake wa darasa la tano angekuja kumwona akipigana kwa mara ya kwanza, na alitaka kutoka uwanjani kwa miguu yake, amemshika mkono.

"Nirushe vile unataka," akaniambia, "lakini hii goti usiguse. Bado inanilisha."

Nikaapa. Nilimvisha kilemba cha ukoka pia, nikamwambia hajawahi kutokea bingwa kama yeye.

Sisi tulikuwa na lugha yetu ya mikono. Mnaposhikana, mmoja anamfinya mwenzake kiganja mara moja kumuuliza kama yuko sawa, na mwenzake anamfinya mara moja kumjibu ndiyo. Ukifinywa mfululizo, maana yake maumivu ni ya kweli, uachilie papo hapo. Bila hiyo lugha hakuna mtu angekubali kumkabidhi mwenzake shingo yake.

Tukaingia. Alinirusha mara mbili kama tulivyopanga, na mara ya pili suruali yangu ikapasuka nyuma. Uwanja mzima ukalala kwa kicheko. Binti yake, aliyekaa benchi la mbele na karatasi ya njugu mkononi, alicheka mpaka njugu zikamwagika. Yeye naye, baba mtu, akacheka. Damu ikanichemka.

Nikaushika mguu wa kushoto.

Alidhani nimekosea. Alininong'oneza, "Si huo," kwa upole. Nikaukunja. Akanifinya kiganja mara moja, halafu mfululizo, haraka haraka, na kila alipofinya nilisikia vizuri sana anachosema. Akapiga kelele. Wanafunzi wakashangilia, maana kwa miaka yote hakukuwa na mtu aliyejua kuigiza maumivu kama yeye. Hata refa, ambaye ni mmoja wetu, alikuwa akitabasamu. Nilikunja mpaka kitu kikaachia ndani ya goti. Nilikihisi kwa mkono kabla sijakisikia.

Refa akahesabu tatu. Ikabaki desturi. Ningeweza kuinama, au kuuchukua mkanda na kujifunga mwenyewe. Nilisimama katikati ya turubai, mikono juu, nikamngoja. Alijikokota kwa viwiko, akajiinua kwa goti moja huku amenishika kiuno, akaanza kutafuta tundu la mkanda. Alilikosa mara mbili, na mimi sikumsaidia. Hajachonga jiwe tena tangu siku ile. Wanamieleka wengine walipojua, mmoja baada ya mwingine wakakataa kunipa mkono ulingoni, na kundi likafa. Bingwa wa nne hana wa tano.

Siku ile, mkanda ukiwa umeshafungwa, binti yake alikuwa ameshakuja mpaka ukingoni mwa ulingo. Hakuwa akilia. Alimtazama babake pale chini, kisha akanitazama mimi.

"Baba, si ulisema huwa mnaelewana?"

Babake aliniangalia. Nilijua anachongoja, neno moja tu, niseme niliteleza, hata kama ni uongo. Niliuweka mkanda sawa kiunoni. Akajipangusa uso kwa turubai, akamgeukia mtoto wake.

"Tulielewana, mami. Hivi ndivyo tulipanga."

Msichana akatulia. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri, kwa hiyo akaninyooshea mkono wake mdogo, wenye chumvi ya njugu, akaniambia hongera. Nikaushika, nikamwambia asante. Wala sitadanganya hapa: nilikuwa na furaha.