Zamu Yangu ya Kulisha

Waliokuwepo siku ile ni hawa: mimi; dada yangu anayenifuata; wadogo zetu wawili wa kiume, mmoja akiwa amevaa viatu vyangu vya zamani vilivyojazwa matambara mbele; mhudumu Msakalava, mwenyeji wa pwani ile, mwenye koti jeupe; na bibi mwenye hoteli, mjane wa Kigiriki, aliyekaa nyuma ya meza ya malipo na paka mapajani. Waliotakiwa kuwepo ni wengine. Kiti cha karani, kiti cha fundi cherehani na kiti cha mwana wa duka la viungo vilikuwa vitupu, na vitambaa vya mkono vilivyokunjwa na kusimamishwa juu ya sahani zao havikuguswa mpaka tulipoondoka.

Vitambaa vile nilivipiga pasi mimi. Nilikuwa dobi. Niliacha shule mwaka ambao mama alitangulia mbele ya haki na baba akamfuata msimu uleule wa mvua, na tangu hapo mikono yangu ilinuka wanga na makaa. Nguo za hoteli ile ya Mahajanga zilifuliwa kwetu, mtaa wa Tanambao. Kabla ya uhuru nilikuwa nikiingia kwa mlango wa jikoni na kutokea hukohuko. Uhuru ulipokuja bendera ikabadilishwa, na mlango wa mbele ukawa wa kila mwenye viatu.

Sisi Wangazija tuna shungu, ambayo Waswahili wa pwani nyingine huiita kula kikoa. Vijana wa rika moja hulishana kwa zamu. Nikila chako nina deni la kukulisha, na kipimo ni kilekile: ukinipa kamba, nami nitakupa kamba. Hakuna anayedai kwa mdomo. Lakini aliyekula asilishe hapati kusema neno kwenye shughuli za wakubwa. Hukaa mwisho wa mkeka, na siku ya kuoza dada yake watu hutazamana. Chakula chenyewe hupikwa nyumbani, na mama wa kijana ndiye anayesifiwa.

Rika letu tulikuwa wanne. Siku ya kupanga zamu, mwana wa duka alinitazama akauliza, bila ubaya, "Na huyu atapikiwa na nani? Au atatulisha wanga?"

Fundi cherehani akacheka. Mimi pia nilijitahidi kucheka.

"Tutakula hotelini," akasema karani. "Sote. Mezani, kwa uma na kisu. Nani amesema shungu lazima ipikwe na mama? Tumepata uhuru, mama zetu nao wapumzike."

Karani tulikaa naye dawati moja mpaka nilipoacha shule, na mwaka mzima baada ya hapo alikuja jioni kunisomea alichofundishwa mchana, nami nikigeuza makola ya mashati. Kazi ya bandarini aliipata kwa Kifaransa chake. Neno lile alilisema kwa ajili yangu, na kila mtu alijua. Nilimpenda kwalo kuliko nilivyompenda mtu yeyote asiyekuwa wa damu yangu.

Basi tukaanza. Mwana wa duka alitupeleka kwa Mhindi nyuma ya soko, tukala kima ya ng'ombe kwa mkate moto na sambusa mpaka mhudumu akatuuliza kama tunafungua saumu. Fundi alitupeleka kwa Mchina. Alisimama mlangoni mwa jiko akimhoji mpishi juu ya nguruwe, na mpishi, bila kujibu, akafunua masufuria yake moja baada ya jingine na kumwonyesha: samaki, samaki, samaki. "Na hilo dogo?" fundi akauliza. Lilikuwa na soksi za mpishi zikichemka. Fundi aliitwa Soksi mwaka ule wote.

Zamu ya karani ilikuwa karibu na bandari, kwenye meza inayotazama maji mekundu ya mto yakiingia baharini. Orodha ya vyakula ilikuwa ya Kifaransa. Alitusomea polepole, kisha akatueleza kila kitu kwa lugha yetu, akijifanya kwamba na yeye anahakikisha. Alituagizia kamba wakubwa na wali wa nazi. Kuku tulimwacha, hatukujua mkono uliomchinja.

Tulirudi wawili, mimi na karani, kwa miguu, mchana wa jua kali. Akasema, "Imebaki zamu yako. Siku utakayonilisha, kikoa kimefungwa. Siku ya pili yake nakuja kwenu na wazee kumwomba dada yako."

"Kwa nini usije kesho?"

"Sitaki watu waseme nimeoa nyumba inayodaiwa na mimi. Nilishe kwanza."

Niliona ni heshima. Nilimwambia dada yangu, na yeye akaongeza makaa kwenye pasi. Mashati ya karani alikuwa akiyapiga pasi yeye, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuyashika.

Niliweka akiba msimu mzima. Nikachagua hoteli ya Mgiriki kwa sababu ilikuwa kubwa kuliko zote tulizokula, na kwa sababu nilitaka kuketi mbele ya kitambaa cha meza nilichokifua. Bibi alinikubalia meza ya dirishani, Jumapili mchana. Niliagiza kamba. Siku mbili kabla niliwapitia wote watatu, na karani akanishika bega akasema, "Tukutane huko, ndugu yangu. Nitakuja na njaa."

Jumapili nilifika mapema. Mhudumu, aliyezoea kunipokea na vikapu, aliniambia kwa Kimalagasi, "Leo huna mzigo," akanivutia kiti. Nikaketi. Adhuhuri ikaadhiniwa, watu wakarudi msikitini, meza nyingine zikajaa na kuondoka. Bibi alikuja akauliza kama awashe moto. Nikamwambia bado. Akaja tena, akasema kamba hawatasubiri. Nikamwambia awapike.

Walipoletwa, sinia zima, wakiwa bado wanatoa mvuke, niliona siwezi kuwaacha watupwe. Nilimtuma mhudumu Tanambao na gari la kuvutwa na mtu akanichukulie wadogo zangu. Walikuja wameoga kwa haraka, shingo zikiwa na maji. Nikaomba viti vingine vitatu. Sikutaka wakae kwenye viti vya wenyewe.

Mdogo wa mwisho alichukua orodha ya vyakula akaisoma yote kwa sauti ya mwalimu wake, mpaka bei, na watu wa meza ya pili wakageuka kumtazama. Mwenzake alikula kamba na maganda yake.

"Yanamenywa," nikamwambia.

"Haya ni ya bure?"

"Si ya bure."

"Basi sitamenya."

Dada yangu alikuwa amevaa gauni ambalo sikulijua. Alikuwa amelishona kwa siri kwa ajili ya siku nyingine. Alitazama vile viti, akahesabu kwa macho, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hata yeye?"

"Pengine kazi ya meli."

"Jumapili?"

Hakula. Alimenya kamba za wadogo zake na kuwawekea sahanini. Jumatatu kitambaa cha meza ile kililetwa kwetu pamoja na vingine. Kilikuwa na madoa upande mmoja tu. Nilikifua mwenyewe.

Sikumaliza kukianika. Fundi na mwana wa duka waliingia uani na kikapu cha machungwa, nyuso zao nyuso za watu wanaoingia kwa mgonjwa.

"Mtoto anaendeleaje?" fundi akauliza.

"Mtoto gani?"

Mtoto mwenyewe alipita mbio mbele yao akimfukuza bata. Mwana wa duka alimtazama, akanitazama mimi, akaweka kikapu chini.

"Karani alitupitia Jumamosi," akasema. "Alisema mdogo wako ana homa kali na umeahirisha. Alisema tusije kukusumbua mpaka Jumatatu."

"Yeye yuko wapi?"

Fundi ndiye aliyejibu, akitazama kamba ya nguo. "Amepanda meli jana asubuhi, anakwenda kisiwa cha Nosy Be. Amepewa kazi kule. Na, wallahi sikujua mpaka leo, amechumbia. Binti wa mfanyabiashara wa Marodoka, kulekule kisiwani."

Dada yangu alikuwa mlangoni na pasi mkononi. Alirudi ndani. Tukasikia pasi ikigonga meza, taratibu, kama siku zote.

Nilielewa pale. Hakuvunja neno lake. Neno lake lilikuwa linangoja chakula changu, na chakula changu hakukila. Alikijua kipimo cha shungu kama ninavyokijua mimi, akakitumia. Kama angeniambia usoni kwamba hamtaki dada yangu, ningekasirika mwezi, mwaka, yangekwisha. Lakini aliniacha mimi ndiye mdaiwa. Tena alimsingizia homa mtoto niliyemzika mama yake.

Fundi na mwana wa duka niliwalisha wiki iliyofuata, ukumbini kwetu, dada yangu akapika. Walikula vizuri na wakasema mbele ya watu kwamba wameshiba. Kwao nilikuwa nimemaliza. Amebaki mmoja.

Mvua zikaja zikapita. Mwoka mikate mmoja wa mtaa wetu, mtu mzima mpole, akaleta wazee kumwomba dada yangu. Nilifurahi. Dada akasema, "Kaka, mimi nina neno la mtu. Mpaka lirudishwe."

"Ameoa, mama. Unajua ameoa."

"Aliomba uniweke, ukaniweka. Aseme ndiyo au aseme hapana. Sitaki kuolewa huku kuna mtu anayeweza kusema nilikuwa wake."

Sikumlaumu. Nilifunga duka la dobi, nikawaachia wadogo nguo za hoteli, nikapanda meli ndogo ya mizigo inayopita pwani mpaka Nosy Be.

Nilimkuta Hell-Ville, mji wa kisiwa kile, ofisini, amenenepa. Aliponiona alisimama, akacheka kama zamani.

"Bwana dobi! Umefuata nguo mpaka huku?"

"Nimekuja kukulisha."

Kicheko kikamwishia. Akaketi. "Leo Jumatatu. Nimefunga."

"Kesho ni Jumanne."

"Wewe hubadiliki."

"Chagua mahali."

Akachagua hoteli juu ya bandari, yenye baraza pana na vitambaa vya meza vilivyotariziwa kisiwa jirani cha Nosy Komba, kazi nzuri, ingawa aliyevipiga pasi alikuwa ameunguza pembe. Sikumwuliza kwa nini hapo. Niliagiza kamba, na kaa juu yake, na wali wa nazi. Alikula. Alifyonza miguu ya kaa mmoja mmoja, nami kila tonge lililoshuka niliona mzigo ukipungua mabegani. Tuliongea habari za Soksi na mpishi wa Kichina. Nilicheka kweli, Mungu anajua. Nilimkumbuka yule mtoto wa dawatini.

Alipoosha mikono nikamwuliza, "Umeshiba?"

"Nimeshiba, alhamdulillahi."

"Basi jibu juu ya dada yangu. Ndiyo au hapana."

"Mlipe kwanza mwenye chakula," akasema, akitazama bandarini.

Nikamwita mhudumu. Alikuja, nikamnyoshea fedha, yeye akamtazama karani. "Fedha za nini, bwana? Hii ni meza ya nyumbani."

"Hoteli ni ya baba mkwe wangu," karani akaniambia. "Mgeni wangu hapa halipi. Nitamweleza nini mzee?"

"Kwa hiyo hujala changu."

"Nimekula. Na wewe umekula."

"Umenilisha wewe. Mara ya pili."

Alikunja kitambaa chake cha mkono kwa uangalifu, pembe kwa pembe, nilivyomfundisha mimi tukiwa wadogo. "Ukinilisha itabidi nikujibu," akasema. "Nikikujibu, hutarudi tena. Tuache hivi hivi, ndugu yangu. Watu wanaodaiana hawapotezani."

Niliweka fedha chini ya sahani nikashuka bandarini. Mhudumu alinifuata mbio, akanitilia mfukoni zilezile, akaniomba radhi kwa Kimalagasi, akasema atafukuzwa kazi.

Nilifika Tanambao dada yangu akinyunyiza maji kwenye mashuka. Hakuacha.

"Alikula?"

"Alikula."

"Chako?"

Nikamweleza yote, hoteli ya mkwe, mhudumu, maneno ya mwisho. Alikunja shuka moja, akachukua jingine.

"Basi mimi simngoji," akasema. "Mtu anayekimbia kusema hapana ameshasema. Mwambie mwoka mikate alete wazee." Kisha akaongeza, "Mambo ya chakula ni yenu."

Akaolewa. Siku ya nikaha mzee mmoja aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia, kama msimamizi wa bibi harusi amemaliza shungu yake. Fundi akajibu kwamba yeye alilishwa. Mwana wa duka akajibu kwamba naye alilishwa. Mzee akangoja wa tatu, nami nikaketi mwisho wa mkeka.

Wadogo zangu wamekua, na mdogo wa mwisho anasoma orodha ya vyakula kwa Kifaransa kwa watoto wake. Kila anayetoka Nosy Be namwuliza habari za karani. Nasikia yu hai, anaumwa miguu, na hula kwa mkwewe tu. Nina deni lake la kamba mara mbili, na kaa.