Alama kwenye Tanga

Hii stori inanionyesha bwege, lakini nikinusa turubai lililolowa inanirudia tu.

Mjomba, mrefu kama mlingoti wa mashua yake, alikuwa ametumia tanga kufunika magunia ya chumvi ya Uvinza. Chumvi ikibaki kwenye kitambaa inavuta unyevu, kitambaa kinaoza. Kwa hiyo akaniambia nilifue ziwani, nilisuuze mara tatu, maana kesho yake anavuka kwenda Kongo.

Nikasuuza mara moja. Nikalitandaza mchangani pale Kibirizi, nikalala juu yake. Nilipoamka limekauka, na chumvi imechora mtu mweupe, amelala chali, mikono kifuani. Nikatoka mbio napiga kelele, kaptula nimeiacha imeanikwa hukohuko. Akina mama wa dagaa walicheka mpaka wakakaa chini.

“Jasho lako hilo, mvivu we!” Mjomba akanivuta sikio mpaka kwenye tanga, akanilaza juu ya ile alama ili nijione.

Miguu yangu ikaishia kwenye magoti yake huyo mtu.

Kicheko kikakatika. Mjomba akalifua upya mwenyewe, mara tatu. Tukiwa tunalikunja akaniinamia sikioni.

“Usimwambie bibi yako,” akasema. “Urefu ule ni wangu.”