Asubuhi Simu Iliponyamaza

Mwaka ule tulikula ming'oko. Mahindi yalikaukia shambani, Kitangari nzima tukaingia porini kuchimba mizizi hiyo, tukaichemsha, tukala asubuhi na jioni. Maji yake ya moto nilijimwagia mguuni, maana presha ya macho ilikuwa imeniachia mwanga tu, wa kujua mlango uko wapi. Binti yangu, mwalimu huko Masasi, alipouona mguu akasema nihamie kwake. Nikakataa. Nyumba hii nimeijenga, mikorosho hii nimeipanda. Kwake nitawekwa kitini kama mzigo unaosubiri basi.

Tukapatana. Akaniletea simu inayosema. Ukipitisha kidole kwenye kioo inakutajia ulichogusa, ukigonga mara mbili inafungua. Kila siku, kabla hajaingia darasani, nimpigie mwenyewe. Siku nisipopiga, anakuja kunichukua.

Sauti ile, ambayo jirani huiita mke mwenzangu, ni ya mwanamke asiyejua kusalimia. Shikamoo hana. Lakini niliamka naye kila siku roho juu, nikiogopa nitakosea.

Asubuhi moja niliifuta simu kwa pindo la khanga, nimeikamata kama kuku wa kuchinja. Nikapitisha kidole. Kimya. Nikagonga mara mbili. Kimya. Watoto wa shule walikuwa wameshaanza kupita njiani.

Jirani akaja kuomba moto. Simu nikaisukumia kifuani.

"Mama Mwalimu, leo mke mwenzio hajaamka?"

Nikamjibu anaoga. Akacheka, akaenda na kaa lake. Angeweza kunisaidia, lakini kumwomba ni kusema siwezi, na mimi sijazoea kusema hivyo.

Mara simu ikaita. Nilijua ni nani. Nikagonga mara mbili kama nilivyofundishwa, haikupokea. Nikaisugua, nikaipiga kofi. Mwanangu yuko humo ndani ananiita, nami siwezi kumjibu. Ikaita mpaka ikakata, ikaita tena. Nikakaa chini sakafuni, nguo imelowa jasho. Nilijiona Masasi, nashikwa mkono kupelekwa chooni.

Mchana bodaboda ikasimama uani. Binti yangu akaingia anahema, nikasikia zipu ya begi ikifunguliwa. Akachukua simu, akabana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, yule mwanamke akaanza kusema. Kumbe nilivibana mwenyewe nilipokuwa nafuta.

"Umeona, mama? Nyumba ingewaka moto, je?"

Swali hilo linanitisha mpaka leo. Nikamwambia ainyamazishe tena, anipe. Akafanya hivyo. Nikatafuta vitufe vile ubavuni, nikabana, nikahesabu moja, mbili, tatu. Yule mwanamke akaamka.

"Hapa sitoki," nikasema. "Nitatoka nimebebwa."

Nikasikia anatoa khanga zangu kwenye kamba, anazikunja taratibu.

"Mama, twende. Naogopa."

Hata mimi niliogopa. Nikaibana simu kifuani.

"Hapa sitoki. Nitatoka nimebebwa."