Mapengo ya Ayeyo

Enzi zetu, wa rika langu mtakumbuka, barua ya ayeyo, yaani nyanya yetu, ilikuja na lori la mbuzi, tena ilikuwa kaseti. Ilitoka Kutulo, alikoishi. Ikifika, mpira wa soksi tuliuacha palepale vumbini, tukakimbilia nyumbani Galbet, tukaketi mkekani na anjera za moto, mama akabonyeza redio.

Ayeyo aliimba nyimbo za kunyweshea ngamia, na katikati ya wimbo na wimbo akatusalimu mmoja mmoja, mimi na ndugu zangu. "Farhiya, hujambo? Umekula?" Kisha kimya. Hapo nilimweleza kila kitu, hadi jino lililong'oka. Nikizubaa, mama alinifinya: "Mjibu nyanya yako, anakungoja." Nami niliamini kabisa kwamba ananisikia.

Ilisalia kaseti moja tu. Juzijuzi niliihamishia kwenye flashi niisikilize garini, na utepe ukatafunwa na mashine mara tu nilipomaliza. Ndani ya gari ikawa wimbo, kimya, wimbo, kimya. Nikadhani redio ni mbovu, nikaenda kwa Yakub, fundi wa redio za magari. Akabadilisha flashi, akapangusa tundu lake, akakaza nyaya, wapi.

"Dada, redio ni nzima. Mapengo yamo kwenye faili lenyewe. Niyaondoe?"

Nami, mjinga mimi, nikamwambia ayaondoe.

Alipowasha tena, ayeyo alikuwa anakimbizwa. Farhiya hujambo umekula Ahmed hujambo umekula. Ndipo nikakumbuka mkeka wetu.

"Yakub, ile ya kwanza umeifuta?"

Akakuna kichwa. "Wallahi, dada, nadhani nimeifuta."

Alipekua kompyuta yake huku nikisoma kila dua ninayoijua, mpaka akaikuta kwenye takataka. Nikalia mbele yake bila aibu.

"Lakini ni kimya tu hicho," akasema kwa upole.

"Hapo ni zamu yangu kuongea," nikamjibu.

Binti yangu husikiliza jumbe zangu za sauti kwa kasi maradufu, eti mama unavuta maneno. Simlaumu, haraka ndiyo dunia waliyoikuta. Jana nikimpeleka shuleni nilimwekea flashi. Ayeyo akaniuliza kama nimekula.

"Nimekula, ayeyo," nikamjibu. Binti akanikodolea macho.

Pengo langu ndilo refu kuliko yote, maana ayeyo alijua nina maneno mengi. Zamani lilikuwa halinitoshi. Siku hizi namjibu, nanyamaza, na yeye bado ananingoja.