Feni ya Kupepetea Mpunga
Hili jambo kabla ya kulisimulia huwa naangalia kwanza kama hakuna mtu wa Malinyi karibu, maana kule mpaka leo naona aibu hata kuingia dukani kununua vocha.

Mimi ni fundi bajaji hapa Ifakara, na nina ugonjwa mmoja: siwezi kuona kitu kinafanya kazi nikakiacha kiendelee tu kufanya kazi, lazima nijiulize, hivi hakiwezi kufanya zaidi? Kwa hiyo mchumba wangu Deo aliponipeleka kwao Malinyi nikatambulishwe, njia nzima juu ya pikipiki yake wimbo ulikuwa huo huo: "Stella, nakuomba, leo usishike spana."

Nikaapa. Na kweli spana sikushika.

Tulikuta wanavuna. Nikapiga magoti, shikamoo huku, shikamoo kule, wazee wamekaa chini ya turubai wanasubiri wali na kambale, na shangazi yake Deo, ambaye aliitwa kutoka Chita kuja kunikagua, nikaambiwa ameenda kwanza kuoga atoe vumbi la safari. Mama yake Deo alikuwa uwanjani anapepeta mpunga. Anainua ungo, anasubiri upepo, upepo hakuna, anashusha. Nikamwangalia yeye, nikaiangalia pikipiki iliyosimama kwenye stendi ya katikati, gurudumu la nyuma liko hewani, ugonjwa wangu ukaamka.

"Mama, hivi upepo si hewa tu iliyosukumwa?"

"Sijui, mwanangu. Mimi naujua ukija."

Deo alikuwa ndani. Nikakata dumu bovu vipande, nikavifunga kwa waya kwenye spoku, vimelala upande kidogo kama mapanga ya feni, nikawasha, nikatia gia ya kwanza. Jamani, upepo ukaja! Makapi yakaruka kule, mpunga ukadondoka hapa, msafi kabisa. Mama akapiga kigelegele, majirani wakasogea. Mtu mwenye akili angezima hapo.

Mimi nikajiuliza: na gia ya pili je?

Ya pili ikawa tamu zaidi. Ya tatu ikayabeba makapi yote ikayapeleka chini ya turubai, juu ya wali uliokuwa ndiyo kwanza umetengwa, juu ya kambale, kwenye kofia za wazee, watu wanakohoa, wanajikuna, mama anapiga kelele "Zima! Zima!", nami kwa kuchanganyikiwa badala ya kuzima nikapiga resi, pikipiki ikatetemeka, stendi ikajikunja, gurudumu likagusa ardhi, na chombo kikaondoka bila dereva moja kwa moja hadi kwenye bafu la matete nyuma ya nyumba, bafu zima likalala chini.

Katikati alikuwa amesimama shangazi. Povu kutoka kichwani mpaka magotini (namshukuru Mungu kwa lile povu), kopo mkononi, anatutazama.

Mama akamrushia kanga. Deo akatoka mbio. "Stella! Umeshika spana?"

"Sijashika," nikasema, na huo ndio ukweli.

Shangazi akajifunga kanga taratibu, akanijia. Nikapiga magoti tena. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mimi nimetoka Chita kuja kukuona wewe," akasema, "kumbe wewe ndiye wa kuniona mimi."

Wazee wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, wala siku ile hakusema ndiyo wala hapana. Asubuhi nikaenda kukata matete, nikaanza kujenga bafu upya kwa mikono yangu, shangazi amekaa kwenye kigoda ananisimamia. Nilipofika mlangoni nikasita. Mlango wenyewe ulikuwa gunia tu linaning'inia, nikawaza, ukiweka kijiti hapa, na mpira wa tairi pale, si utakuwa unajifunga wenyewe...

"Wewe," shangazi akasema.

"Abee."

"Kama lilivyokuwa."

"Ndiyo, shangazi."

"Hivyo hivyo lilivyokuwa. Ukimaliza, tutazungumza habari ya ndoa."

Tukaoana. Ila nimeapa: kwa wakwe sigusi kitu ambacho hakijaharibika, na kikiharibika nauliza kwanza nani yuko bafuni.