Sumaku za Mkebe wa Kahawa

Marlys Engebretson alibakiwa na siku moja tu asimame mbele ya watahini wake, aitwe daktari wa kemia. Miaka sita alikuwa ameimalizia chuoni Minnesota, akitafuta namna ya kubandika haidrojeni kwenye alkeni, kemikali itokanayo na mafuta, kwa kichocheo cha chuma cha kuharakisha kazi hiyo, badala ya paladi, metali ambayo bei yake haishikiki. Na alikipata! Chuma hiki hiki cha misumari, na alkeni ikageuka yote. Tasnifu nzima ilisimama hapo.

Asubuhi hiyo mtahini mmoja alimwandikia: rudia bila kichocheo chochote, tuone kama alkeni itakaa kimya. Jambo dogo. Marlys akalifanya huku akipiga mluzi. Alkeni ikageuka yote.

"Curtis, hebu njoo uone takataka hii," akamwita mwenzake wa meza ya pili.

Curtis akaitazama karatasi ya mashine ya kupimia. "Umejisahau, ukatia chuma."

"Mimi mtoto mdogo?"

"Basi una uchawi, bibie."

Uchawi wapi! Macho yake yakaangukia mkebe wa kahawa. Maabara nzima huchota humo sumaku ndogo za kukorogea, zinazozunguka ndani ya kichupa, mtu akimaliza anasuuza na kurudisha, na waliomtangulia wote walitumia paladi. Sumaku zenyewe zilikuwa nyeupe zamani. Sasa zina weusi usiotoka hata usugue vipi. Jamani, nani huziangalia? Akafungua pakiti ya sumaku mpya, akatia chuma chake kwenye vichupa vitatu, akasubiri mpaka saa nane mchana. Vyote vitatu, alkeni haikuguswa. Iliyokuwa ikifanya kazi miaka yote ni paladi ya watu wengine, iliyoganda kwenye sumaku.

Profesa Halvorsen, msimamizi wake, alizisoma karatasi mara mbili. "Hili ndilo jaribio safi kuliko yote uliyowahi kuniletea," akasema.

"Na kesho, Profesa?"

"Kesho haipo tena, Marlys. Pole sana."

Alilia chooni mpaka pua ikaziba. Kisha akampigia mama yake huko Bemidji, amwambie asije.

"Tuko njiani, tumeshapita St. Cloud, mwanangu!" mama akapaza sauti, gari zima likicheka nyuma yake. "Shangazi yako amepakata keki ina jina lako. Haya, ongea na watu, daktari!"

Simu ikapita mkono kwa mkono, kila mtu akimpongeza, naye akawa anaitikia tu, "Asante. Asante sana."