Haraka ya Kupanda Kutoka Kreta

Kwa miaka minne nilikuwa dereva wa utalii asiyetaka safari ndefu. Wenzangu pale Karatu waligombania safari za siku saba, mimi nikiomba za siku moja tu: kuteremka kreta, lile bonde la volkano lenye wanyamapori, asubuhi, kurudi nyumbani kabla ya giza. Walinitania kwamba nina mke mkali. Sikuwa na mke. Nilikuwa na mama aliyepatwa na kiharusi, niliyemtoa kijijini Endabash nikaja kuishi naye.

Mchana jirani yetu alishinda naye, akamwogesha na kumgeuza. Lakini jioni mama hakukubali uji wa mtu mwingine. Alifunga mdomo mpaka nifike.

"Leo umeona nini?" alikuwa akiniuliza, maneno yakitoka kwa shida upande mmoja wa mdomo.

Nami nilimsimulia huku nikimlisha. Alizaliwa na kuzeekea jirani na kreta ile, wala hakuwahi kuteremka. Habari za simba zilimchosha mapema. "Hao wanalala tu," alisema. Basi nikajifunza ndege: majina yao, milio yao, wanakojenga viota. Bosi wangu alidhani natafuta cheo.

Nikitazama nyuma, karibu kila nilichokitaka kilitokana na jioni zile. Wakulima wote wa Karatu waliomba mvua. Mimi niliomba isinyeshe, maana barabara ya kupanda kutoka kreta huteleza. Nilitamani matairi mapya kuliko viatu vipya. Sikuwahi kujiuliza mimi mwenyewe napenda nini, na sikuona kwamba nimekosa kitu.

Mama alifariki wakati wa masika. Tulimzika Endabash, nikakaa na ndugu siku chache, kisha nikarudi kazini.

Mgeni wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mzee, muuguzi mstaafu, anayesafiri peke yake. Saa tisa alasiri tulimwona faru kwa mbali, akija taratibu upande wetu. Mgeni alishika darubini yake. Mimi nikawasha gari.

"Tunaondoka?" aliuliza.

"Muda umekwisha."

"Geti linafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Alitazama saa yake, akanitazama na mimi. "Kuna mtu anakungoja?"

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye gia.

"Hapana," nilisema. Tangu mazishi sikuwa nimelisema hilo kwa mtu yeyote. Nikazima gari.

Faru alikuja mpaka karibu na barabara. Tangu niache safari ndefu sikuwahi kumngoja faru hata mara moja. Nikajikuta naanza kupanga maneno: masikio yake yanavyogeuka kila moja upande wake, tope lililokauka ubavuni. Nilipofika katikati ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kumpelekea. Nikageukia dirishani.

"Yule ndege mgongoni kwake anaitwaje?" mgeni aliuliza.

Nilimwambia. Nikamweleza na chakula chake, na mlio anaoutoa akishtuka.

"Unawajua ndege sana."

"Nilikuwa na mtu aliyependa kusikia habari zao."

Alifungua mfuko wa korosho, akaniwekea nusu kiganjani. Tulikula mpaka faru akatoweka kwenye majani.

Siku hizi nakubali safari ndefu, na bosi amefurahi. Anasema nimepata ari ya kazi. Ukweli ni kwamba nyumbani hakuna kinachonivuta, kwa hiyo popote ni sawa. Ndege wapya sijajifunza. Wageni nawaambia wale niliowajua zamani. Jioni kambini, madereva wenzangu hucheza karata nje ya hema la jiko, na huwa wananisogezea kiti. Mchezo wenyewe bado sijaushika vizuri. Nafungwa karibu kila mara, nao wananigawia tena.